Kumsindikiza Mpita Njia

Je, ni haki kumpiga mtu picha ukamwacha bila uso? Sisemi kumkata kichwa ukingoni mwa picha, wala kumfunika kwa vile vimraba vya kwenye taarifa ya habari. Nasema kuuacha mwendo wake mwenyewe umfute. Anapita, kamera bado imefunguka, na kinachobaki ni mfuo wa rangi: bluu ya kitenge, wekundu wa ndoo, na kitu kama moshi mahali palipokuwa na miguu.

Swali hili limenikaa kichwani kwa sababu ya zoezi ambalo ukilisikia mara ya kwanza utasema ni mchezo wa watu wasio na kazi. Tuko marafiki saba. Kila wiki, kabla ya Jumapili kuisha, kila mmoja anatoa picha moja mpya, na ndani yake lazima kitu kiwe kimetikisika kwa mwendo. Picha za zamani haziruhusiwi. Wiki 52, mwaka mzima. Hakuna zawadi, hakuna faini. Wenzangu wengi wako Dar es Salaam na Mwanza, wana vivuko, mabasi ya mwendokasi na taa za usiku. Mimi niko Kakonko, kaskazini mwa Mkoa wa Kigoma. Nina barabara, baiskeli, na watu wanaotembea.

Kwa asiyejishughulisha na kamera, kanuni yenyewe ni nyepesi. Ndani ya kamera kuna kilango kinachoitwa shata. Kikifunguka na kufunga kwa sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde, hata tone la mvua linasimama hewani. Ukikiacha wazi kwa sehemu 1 ya 15, mwendesha baiskeli ameshasogea kabla hakijafunga, na kamera inaandika safari yake badala ya mahali alipo. Mtaani tuna neno lake: picha imecheza. Fundi wa studio wa zamani akikwambia picha yako imecheza, maana yake rudi kwenye kiti, na safari hii usipumue.

Kwa hiyo tangu zamani tunayo picha iliyotulia na picha iliyocheza, na tumefundishwa kwamba ya kwanza ndiyo yenye ukweli. Mimi nina shaka. Picha iliyotulia inaonyesha jambo ambalo hakuna jicho lililowahi kuliona: mguu umening'inia hewani, tairi limeganda, vumbi limesimama kama pamba. Picha iliyocheza ina muda ndani yake. Inakiri kwamba mtu huyu alikuwa anatoka mahali na anakwenda mahali, na hapa kwangu hakuwa na miadi.

Lakini ukweli wa aina hiyo una gharama, na gharama hiyo ni ya zamani kama kamera yenyewe. Mwaka 1838, Louis Daguerre aliupiga picha mtaa wa Boulevard du Temple, Paris, kutoka juu dirishani. Ulikuwa mtaa wa pilikapilika, ila kwenye picha unaonekana mtupu kama siku ya msiba. Vifaa vya wakati ule vilihitaji dakika kadhaa kunasa mwanga, na katika dakika hizo farasi, mikokoteni na watu waliokuwa wakienda zao walifutika. Alibaki mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu, na kwa shida unamwona na yule aliyekuwa akimng'arishia. Picha hiyo hutajwa mara nyingi kuwa ya kwanza kuonyesha binadamu. Nami huwa najiuliza: binadamu gani? Ni yule aliyekuwa na nafasi ya kusimama na aliyelazimika kuinama miguuni pake. Wengine wote walikuwapo, na kamera haikuwaona kwa sababu walikuwa na mahali pa kwenda.

Kakonko ni mahali pa kupita. Wilaya yenyewe ni changa, ilimegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, ingawa jina la kale la Buyungu bado liko hai, na hadi mwaka 2025 ndilo lililokuwa la jimbo la uchaguzi. Anayetoka Mwanza au Bukoba kwenda Kasulu na Kigoma mjini anatupitia, anayerudi anatupitia. Upande wa magharibi ni Burundi, na kila Burundi ilipowaka moto, 1972, 1993, 2015, watu walivuka kuja nyanda hizi za Buha wakiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Kambi ya Mtendeli ilifunguliwa hapa wilayani mwaka 2016. Mwishoni mwa 2021 ikafungwa, na waliokuwa wamebaki wakahamishiwa Nduta, kule Kibondo. Yaani hata kambi, ambayo ndiyo mahali pa kukaa kwa waliokosa pa kukaa, nayo ilipita.

Sasa tazama ni picha gani anazopigwa mtu anayepita. Ya kuandikishwa. Ya kadi. Sisi wenyeji nasi tunazo: kitambulisho cha taifa, kadi ya mpiga kura, zile nne za pasipoti saizi unazokatiwa kwa mkasi. Masharti ni yaleyale. Kaa wima, tazama mbele, usicheke, usigeuke. Serikali yoyote duniani inakutambua ukiwa umetulia. Silalamiki, maana bila utulivu huo hata mgao wa chakula haufiki. Ninachosema ni kwamba watu wa ukanda huu wameshatulizwa sana mbele ya kamera, na pengine wana haki pia ya picha inayowaacha waende.

Hapo ndipo mwenzetu mmoja wa Dar es Salaam alipoleta hoja iliyonisumbua kuliko zote. Alisema uzuri wa picha zilizocheza ni kwamba huhitaji ruhusa ya mtu. Hatambuliki! Ni mfuo tu. Unampiga, unaondoka, hakuna aliyeumia. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na yeye kwa mawazo yake alikuwa amepata njia ya kupita pembeni kabisa.

Hoja hiyo ni ya mtu wa mji mkubwa. Wiki ya 12 nilipiga picha jioni, kina mama wakitoka kuchota maji, jua limeshazama nyuma ya kilima. Nilikuwa nimeegemea mti, shata karibu nusu sekunde. Madumu ya njano yalitoka kama mstari wa taa, na kina mama wenyewe wakawa moshi wa rangi. Kabla ya kuituma nilimwonyesha bibi mmoja jirani, kwa kutaka tu kujua ataonaje.

"Shikamoo bibi. Hebu tazama hii."

"Marahaba mjukuu wangu." Akaishika simu mbali na macho. "Mbona imecheza? Lakini huyu wa mbele si mama nanihii huyu? Ndiye. Mwangalie bega. Huyu hutembea kama amechelewa, hata kukiwa asubuhi."

Akaendelea. Wa pili alimjua kwa jinsi anavyoshika dumu kwa mkono mmoja. Wa tatu kwa ufupi na mtoto mgongoni. Watu watatu ambao kamera iliwafuta, bibi aliwarudisha mmoja mmoja, kila mmoja na ukoo wake na nyumba yake. Mahali ambapo watu wanajuana, uso ni alama moja tu kati ya nyingi. Kuna bega, kuna hatua, kuna baiskeli yenye kiraka ambayo kila mtu anajua ni ya nani. Kwa hiyo "hatambuliki" maana yake halisi ni "mimi simtambui", na kutomtambua mtu hakujawahi kuwa sababu ya kuchukua kitu chake.

Wala tusidhani kwamba uso ukionekana wazi ndiyo heshima imepatikana. Kaskazini yetu ni Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24, wakajaa Benaco. Mpiga picha Mbrazili Sebastião Salgado alikuja Benaco mwaka huohuo. Picha zake za wahamaji na wakimbizi wa dunia nzima, zilizokusanywa kitabuni mwaka 2000, zimetulia kweli. Unaweza kuhesabu mikunjo ya blanketi. Dunia ilishtuka kwa picha kama hizo, na ni vizuri ilishtuka. Lakini Susan Sontag, katika kitabu chake Regarding the Pain of Others cha mwaka 2003, alimkosoa kwa jambo moja zito: maelezo ya picha hizo hayawataji watu kwa majina. Wakubwa wanatajwa, wanyonge wanakuwa mfano wa unyonge. Basi hapo tuna uso ulio wazi kabisa na mtu aliyepotea, na kwenye simu yangu kuna moshi wa rangi ambao bibi anaujua kwa jina. Nani kati ya hao wawili ndiye aliyefutwa?

Nikaenda kwa yule mama mwenye bega. Huo ndio utaratibu wangu: picha haitoki kwangu kabla mwenyewe hajaiona. Akaitazama, akacheka sana, akasema, "Sasa hapa mimi niko wapi?" Nikamwonyesha. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia nisubiri. Alirudi amebadilisha kitenge, amewapaka watoto wawili mafuta, akasimama nao mlangoni, wima, bila kucheka, kama yuko mbele ya hakimu. "Hiyo ya moshi chukua," akasema, "hiyo ya kwangu nipe."

Nimeilipia stesheneri ya mjini, ikachapwa, nikampelekea. Na tangu siku ile naona deni limeeleweka. Picha iliyocheza ni ya kwangu, ya kufurahisha macho yangu na ya wenzangu sita. Picha iliyotulia ni ya kwake, ya ukutani, ya kuonyesha wageni, na Mungu apishe mbali, siku moja ya kuwekwa juu ya jeneza. Sina ubavu wa kumwambia kwamba moshi ni sanaa ya juu kuliko yeye akiwa wima na wanawe. Kila nikichukua mwendo wa mtu, namdaiwa utulivu mmoja.

Kiswahili kinatusaidia kulifikiri jambo hili, kwa sababu kitenzi chetu ni kizito. Tunapiga picha. Tunapiga pia hodi. Kupiga hodi ni kubisha na kusubiri: mwenye nyumba anaweza kukaribisha, anaweza kunyamaza, na akinyamaza mara tatu unaondoka. Picha nyingi zinazopigwa barabarani zinapigwa bila hodi. Sontag huyohuyo, katika On Photography ya 1977, aliona kupiga picha kuwa namna ya kukimiliki kile kinachopigwa. Kwa lugha yetu ningesema ni kuingia ndani kabla ya kukaribishwa. Na hodi yangu mimi inachelewa kidogo, kwa kuwa mwendo hausubiri, ila lazima ipigwe kabla picha haijatoka nyumbani.

Kuna ufundi mmoja ambao wiki hizi zimenifundisha, nao umebadilisha hata namna ninavyoliona swali la mwanzo. Picha ya mwendo ina njia mbili. Ya kwanza ni kusimamisha kamera kabisa, mtini au kwenye stendi, na kuacha watu wapite mbele yake. Hapo nyumba, miti na barabara vinatulia, na mtu anafutika. Njia ya pili ni kumfuata. Anapokuja na baiskeli yake na mikungu ya ndizi, unamwona toka mbali, unageuka naye taratibu, unafungua shata huku ukiendelea kugeuka. Kwa sehemu 1 ya 15 ya sekunde kwa baiskeli, 1 ya 30 kwa bodaboda. Ukipatia, yeye anatulia na dunia yote nyuma yake ndiyo inacheza: vibanda, nguzo za umeme na migomba vinakuwa mistari.

Siri ya njia ya pili ni mwili. Nyayo hazisogei, kiuno ndicho kinachogeuka, na kasi ni ya kwake, siyo yako. Akipunguza kwenye kilima, unapunguza. Na hata shata ikishafunga husimami ghafla, unaendelea kumfuata kwa macho na kamera mpaka amekwenda, la sivyo picha inakatika. Siku nilipoielewa hiyo nilicheka peke yangu, kwa sababu ni jambo ambalo kila mtoto wa Buha, na wa pwani, na wa bara lote hili amefundishwa nyumbani. Ni kumsindikiza mgeni. Mgeni haagwi mlangoni. Unatoka naye, unatembea mwendo wake, unafika njia panda, mnaongea tena kidogo, na hata mkishaagana hugeuki haraka kumpa mgongo.

Kwa hiyo naona mpiga picha ana hiari mbili mbele ya mpita njia. Anaweza kuwa mti: ametulia, wengine wanapita, na ulimwengu anaouona ni wa vitu vinavyobaki. Au anaweza kuwa msindikizaji, akubali kwamba kwa nusu dakika mahali pake mwenyewe pavurugike ili yule mwingine aonekane. Zote mbili ni halali na zote nazitumia. Lakini anayetumia ya kwanza peke yake, mwaka mzima, nadhani amekwishaamua ni nani anapita na ni nani wa kudumu.

Sasa nije kwenye ahadi ya kila wiki. Kuna uzuri katika ahadi isiyo na askari. Hakuna anayenilazimisha, na ndiyo maana inanipima. Jumamosi mvua inanyesha, umeme umekatika, mwili umechoka, na bado lazima utoke. Wiki ya kwanza barabarani unaona mwendo. Wiki ya ishirini, ukiwa mahali palepale, unaona kwamba mwendo huo ni wa watu walewale: yule wa mkaa, yule wa mihogo, wale watoto wa shule wanaokimbia kila siku kana kwamba kengele inawafukuza. Mazoea ndiyo yanayougeuza mfuo kuwa mtu. Bila ahadi nisingerudi mara ishirini.

Lakini ahadi ina meno pia. Ilikuwa wiki ya 31, Jumapili jioni, sina picha. Mvua ilikuwa imetoka kukatika, barabara ya kijijini imekatwa na maji, pikipiki haipiti. Wakatokea wanaume sita wamebeba mgonjwa kwenye machela, wanakwenda mbiombio kuelekea zahanati. Mwanga wa dhahabu nyuma yao, matope yanaruka, miguu kumi na miwili inapishana. Kwa macho ya zoezi letu, hiyo ilikuwa picha ya mwaka. Kamera ilikuwa shingoni, na kasi ya shata ilikuwa tayari.

Najua hoja ya upande wa pili, na siidharau. Salgado angesimama Benaco na kusema hii siyo yangu kuipiga, tungekosa ushahidi. Kuna mateso yanayohitaji shahidi. Ila shahidi ana mtu anayempelekea ushahidi, ana mahakama ya aina fulani, hata kama ni ya wasomaji wa magazeti. Mimi nilikuwa na wiki ya 31. Ningewapiga kwa sababu Jumapili ilikuwa inaisha, na Jumapili ilikuwa inaisha kwangu tu. Ahadi niliyoitoa mimi siwezi kuilipa kwa mali ya mwingine.

Nikapisha njia. Aliyekuwa nyuma alikuwa amechoka, akaniachia mpini, nikashika. Hakuna ushujaa hapo, ni desturi ya barabara, yeyote angeshika. Tulikwenda hivyo, kamera ikinigonga mbavuni, mpaka zahanati. Usiku nilituma picha ya pazia la mlango wangu likipeperushwa na upepo. Mmoja wao akaandika, "Wiki hii umetuibia." Sawa.

Nimekuwa nikimfikiria John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya. Katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969 aliyachukua maneno yetu mawili ya kila siku, sasa na zamani, akayafanya nguzo za kueleza namna Waafrika wanavyouona wakati. Wengi wamebishana naye, lakini kuna wazo moja lake nalishika: mtu aliyekufa yungali ndani ya Sasa maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka kwa jina. Akiondoka wa mwisho anayemjua, ndipo anazama katika Zamani. Kama ni hivyo, basi kinachomweka mtu karibu nasi si ukali wa picha yake. Ni kuwepo kwa mtu anayeweza kuiangalia, hata ikiwa moshi mtupu, akasema: ndiye, mwangalie bega.

Hilo ndilo jibu langu kwa sasa. Ni haki kumwacha mtu bila uso ikiwa unaweza kumtaja. Na ikiwa huwezi, bado una kazi ya kufanya kabla ya Jumapili.

Wiki ya 39 imekwisha. Picha 23 kati ya hizo zina watu, na nimeshalipa madeni yote isipokuwa manne. Watatu nawaona kila siku, tutapangana. Wa nne ni kijana aliyekuwa akipita na baiskeli ya mkaa. Aliiona picha yake, akaikubali, akasema atakuja Jumamosi nimpige akiwa na shati jipya. Wiki hiyo hakuja, na nimeambiwa amekwenda Geita, machimboni. Picha yake ya kusimama sina. Ninayo ile ya mfuo, na jina lake.